MKONO MTUPU HAULAMBWI

Na mwanachama, Kidato cha Tatu Magharibi

Tangu muhula wa kwanza Chama cha Kiswahili cha shule yetu kimekuwa na swali moja ambalo halijapata jibu. Kamati iliamua tuandae diwani yetu wenyewe, kitabu kidogo cha mashairi na hadithi fupi juu ya maisha ya mitaa tunayotoka, hapa Nakuru. Jambo hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulianza pale mwanachama mmoja aliposimama akauliza: Je, tuwaendee watunzi waliokwisha jipatia jina ili tushirikiane nao katika kazi hii, au tujikaze wenyewe hivi hivi? Mkutano ulivunjika bila uamuzi, kwa sababu wengine wetu hutembea hadi Kaptembwo, na giza halimngoji mtu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Maoni yangu ni haya: tuwaendee, tena tusiogope. Lakini tusiwaendee mikono mitupu. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na katika jambo hili hawakukosea hata kidogo.

Katika mkutano ule kulikuwa na kambi mbili. Kambi ya kwanza ni ya waoga, wanisamehe kwa neno hilo. Hawa husema, "Sisi ni nani hata tumwandikie mtu ambaye kitabu chake kinasomwa darasani? Sisi wa shule ya kutwa, ambao hata basi la shule hatuna?" Kwao, kazi ya mwanafunzi ni kusoma vitabu vya watunzi na kujibu maswali juu yake katika Karatasi ya Tatu, basi.

Kambi ya pili ni ya wenye haraka. Hawa husema, "Tutafute mtu mwenye jina, tumlipe kidogo, atutungie, halafu sisi tutie jina la shule." Wanatoa mfano wa shule kubwa za mabweni ambazo, ati, hununua michezo na mashairi ya tamasha kama mtu anavyonunua sare dukani.

Mimi simo katika kambi yoyote kati ya hizo. Wa kwanza wamemfanya mtunzi kuwa mungu mdogo, na wa pili wamemfanya kibarua. Wote wamesahau kwamba mtunzi ni mtu kama sisi, alianza mahali, na aghalabu hakufika alipofika peke yake.

Hebu tutupe macho nyuma kidogo. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki mnamo mwaka wa 1840. Mashairi yake yalibaki vichwani na vinywani mwa watu. Miaka mingi baadaye Mwingereza mmoja, W. E. Taylor, alifika Mombasa akayataka. Je, alijifungia chumbani akayaandika kwa kubahatisha? La hasha! Alishirikiana na Mwalimu Sikujua, mwenyeji aliyeyajua mashairi yale, wakayakusanya na kuyaandika pamoja na maelezo yake. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka wa 1890, na mwaka wa 1940 William Hichens akayatoa kama diwani. Leo tunamsoma Muyaka kwa sababu mgeni mwenye karatasi na kalamu alimwendea mwenye ujuzi, na mwenye ujuzi hakumfukuza.

Au chukueni Malenga wa Mvita, diwani iliyotoka mwaka wa 1971. Aliyetunga ni Ahmad Nassir Juma Bhalo. Aliyehariri na kuandika utangulizi ni mwalimu, Shihabuddin Chiraghdin. Huyo huyo Chiraghdin, mtu wa Mombasa, alishirikiana na Mathias Mnyampala wa Dodoma katika kitabu kiitwacho Historia ya Kiswahili. Kitabu kilitoka mwaka wa 1977, na kufikia hapo wote wawili walikuwa wamekwisha fariki, Mnyampala mwaka wa 1969 na Chiraghdin mwaka wa 1976. Wao wameondoka lakini kazi waliyoifanya pamoja imebaki, nasi tunaitumia.

Tusogee karibu zaidi. Ken Walibora, ambaye alituacha Aprili 2020, alijulikana kwa riwaya yake Siku Njema ya mwaka wa 1996. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar alikuwa amekwisha toa Utengano tangu mwaka wa 1980. Mnamo 2007 majina ya wawili hao yalitokea pamoja kama wahariri wa Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, kitabu ambacho kaka na dada zetu wengi walikisoma. Angalieni jambo moja: mdogo aliketi na mkubwa akiwa tayari ana vitabu vyake. Hata kitabu chetu cha hadithi fupi, Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine, ni kazi ya mikono mingi. Kushirikiana si aibu wala si ujanja. Ni desturi ya watunzi.

Sasa tujiulize, sisi tuna nini mkononi? Tuna madaftari. Mlezi wa chama anahifadhi katika kabati la idara mashairi arobaini na moja na hadithi tisa za wanachama. Hiyo si haba. Lakini mengi ya mashairi hayo yana mizani iliyopelea, hadithi mbili hazina mwisho, na moja imeandikwa nyuma ya karatasi za hesabu. Kazi ya namna hiyo huwezi kumpelekea mtu anayeheshimu kalamu. Kwanza tukae wenyewe, tuchague mashairi kumi na hadithi tatu, tuyahesabu mizani, tusomeane kwa sauti, tukosoane bila kununiana, kisha tupige chapa. Tukifika hapo, hata tusipompata mtunzi yeyote, tayari tuna kitabu. Huyo tunayemwendea ataongeza tu kwa kile kilichopo.

Jambo la pili ni kujua unachoomba. Niliwahi kuona barua iliyoandikwa kwa niaba ya kikundi fulani cha vijana mtaani. Ilisema, "Mheshimiwa, sisi ni vijana wenye vipaji na tunaomba utusaidie kwa hali na mali ili tufike mbali." Mtu akisoma hayo atafanya nini? Atusaidie kwa lipi? Afike mbali na nani? Ombi lisilo na mipaka linamchosha mtu mwenye shughuli zake, naye huliweka kando hata kama moyo wake ni mwema.

Linganisha na barua kama hii:

"Kwako mtunzi mtukufu. Sisi ni Chama cha Kiswahili cha shule ya kutwa hapa Nakuru. Tumesoma diwani yako, na shairi lako la tatu lilizusha mjadala mkali katika mkutano wetu. Tunaandaa kitabu kidogo cha mashairi kumi na hadithi tatu kuhusu maisha ya mtaani. Yote yamekwisha andikwa. Tunakuletea shairi moja la beti sita, na ombi letu ni moja: ukipata nafasi, ulijibu kwa shairi lako, nasi tuyachapishe ubavuni kwa ubavu. Fedha hatuna. Tutakupa nakala tano za kitabu, na jina lako litaandikwa pale ulipotunga. Tungependa kuchapisha muhula wa tatu. Usipopata nafasi, tutaelewa, na bado tutaendelea kukusoma. Mlezi wetu ametia sahihi hapa chini."

Barua hiyo ni fupi. Inaonyesha kwamba tumemsoma tunayemwandikia, inataja kazi iliyopo, inaomba kitu kimoja chenye kipimo, na inasema ukweli juu ya fedha. Kubwa kuliko yote, inamwachia mlango wa kukataa bila kuona haya.

Tena, hilo la kumwomba mtunzi atujibu kwa shairi sikulibuni mimi. Washairi wa Kiswahili wamekuwa wakijibizana tangu zama za kina Muyaka, na hata gazetini Taifa Leo washairi wameulizana maswali na kujibiana kwa beti. Mshairi akitupiwa swali zuri kwa vina na mizani, mkono humwasha! Nafikiri tutapata jibu upesi zaidi kwa shairi kuliko kwa maombi marefu ya msaada.

Jambo la tatu: ni nani tumwendee? Hapa ndipo nataka kuwajibu wale wanaolia kwamba sisi ni wa shule ya kutwa tu. Mbona hilo wanaliona kama laana? Mwenzetu wa bweni hukaa ndani ya ua miezi mitatu, na akitaka kumwona mtu wa nje ni lazima apate ruhusa. Sisi kila jioni tunarudi mtaani. Jumamosi tuko huko huko. Tunapita mbele ya watu wenye sanaa bila kuwasalimu. Kuna wazee wanaojua mashairi kwa moyo ingawa hawajachapisha hata ukurasa. Kuna viongozi wa kwaya wanaojua namna ya kupanga sauti. Kuna vijana wanaorekodi nyimbo kwa simu na kompyuta ndogo katika vyumba vya mabati. Kuna waigizaji pale Nakuru Players Theatre. Hata hapa shuleni kuna walimu ambao mashairi yao yamewahi kutoka gazetini, nasi tunawaona kama watu wa kutoa alama tu.

Mtu aliyekutangulia kwa hatua tatu anaweza kukufaa kuliko yule aliyekutangulia kwa maili mia. Huyo wa karibu bado anakumbuka alivyokwama mahali ulipokwama wewe, na nauli ya kumfikia ni shilingi chache tu. Basi barua moja au mbili ziende kwa wenye majina makubwa kupitia wachapishaji wao, kwa kuwa anwani ya mchapishaji imo ndani ya kila kitabu. Lakini nguvu zetu nyingi ziwe kwa walio karibu.

Sasa nageukia jambo linaloniuma. Miaka miwili iliyopita mtunzi mmoja, ambaye sitamtaja, alialikwa kulisaidia kundi letu kwa shairi la tamasha. Alipewa beti zilizotungwa na wanachama, akazipanga upya, akaongeza zake, akalipwa kwa fedha ambazo wazazi walichanga. Hayo hayana ubaya, kazi ina ujira wake. Lakini kwenye karatasi ya waamuzi lilitokea jina lake peke yake. Dada mmoja wa Kidato cha Nne, aliyetunga beti tatu nzima, hakutajwa popote. Alimaliza shule akiwa na cheti cha kushiriki tu. Isitoshe, msamiati ulioongezwa ulikuwa mzito hata waghani walikuwa wakiulizana maana wakiwa ndani ya matatu ya kwenda tamashani.

Wapo waliosema, "Si kitu, bora tulisonga mbele." Mimi nasema ni kitu, tena kikubwa. Dada yule alipoteza kitu chake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inamlinda mtunzi wa kazi ya fasihi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sheria haisemi kwamba mtunzi lazima awe maarufu, wala kwamba awe na ndevu. Beti tatu za msichana wa miaka kumi na saba ni mali yake sawasawa na diwani ya malenga mkuu.

Kwa hiyo, kabla ya neno la kwanza kuandikwa, tukubaliane na mwenzetu huyo mambo manne, na yawekwe kwenye karatasi: nani anatunga nini, majina yataandikwaje na kwa utaratibu gani, kama kuna fedha ni kiasi gani na zitagawanywaje, na nani ana ruhusa ya kuitumia kazi hiyo baadaye. Mali bila daftari huisha bila habari. Wengine wataona ni utovu wa adabu kumwekea mkubwa karatasi mbele yake. Mimi naona kinyume chake. Karatasi humlinda mkubwa pia, asije akasikia kesho kwamba shule fulani inauza shairi lake bila idhini. Tena mlezi ndiye atakayeiwasilisha, si mwanafunzi, kwa hiyo heshima itakuwapo.

Hapo hapo niguse jambo jingine ambalo watu husita kulisema. Sisi ni watoto bado, na si kila mwenye jina ana nia njema. Mwanachama yeyote asiende nyumbani kwa mtunzi peke yake, hata akiambiwa ni mazoezi. Mikutano ifanyike shuleni, maktabani, au mahali pa watu, tuwe wawili au zaidi, na mwalimu ajue. Ujumbe wa simu upitie nambari ya mlezi. Anayechukizwa na masharti hayo, tumwache aende zake na kipaji chake.

Tukishampata mtu mwema, je, tukae kimya tu tukitikisa kichwa kwa kila asemalo? Hapa kuna funzo kutoka Limuru. Mwaka wa 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, waliandika mchezo wa Kikikuyu uitwao Ngaahika Ndeenda kwa ajili ya kituo cha Kamĩrĩĩthũ. Wakati huo Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa profesa na mwandishi wa kusifika. Lakini wanakijiji, wakulima na wafanyakazi, waliusoma mswada wakausahihisha. Walimwambia mzee asingezungumza hivi, wimbo ule huimbwa hivi. Naye akakubali. Mchezo ulionyeshwa Oktoba mwaka huo ukavuta umati, mpaka serikali ikausimamisha mwezi wa Novemba.

Basi ikiwa profesa alisahihishwa na watu wa kijiji, hata sisi tuna tunachokijua. Mtunzi wa makamo anaweza kutufundisha urari wa vina, lakini huenda hajui mwanafunzi wa kutwa anavyosoma kwa mwanga wa simu huku akimbembeleza mdogo wake. Akiandika kwamba wahusika wetu hulala bwenini na kuamshwa kwa kengele, tumwambie kwa heshima, "Mwalimu, hapa sivyo." Kwa upande wetu, akitwambia ubeti wa nne ni mbovu, tusivimbe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Na je, wakikataa? Watakataa wengi, huo ndio ukweli. Mtu ana kazi, ana familia, pengine hupokea maombi kama yetu kila wiki. Tukituma barua, tungoje wiki tatu, tukumbushe mara moja, kisha tunyamaze. Tusimseme vibaya, wala tusimwandikie mara saba kama wadai wa mkopo. Anayekataa leo kwa adabu anaweza kukubali mwakani, mradi hatukumchafulia jina.

Najua baadhi ya walimu wetu wanasoma haya wakisema, "Kijana huyu amesahau mtihani." Sijasahau, walimu wangu. Lakini nawauliza: ni zoezi gani la insha litakalonifunza barua rasmi kuliko barua ambayo mtu wa kweli ataisoma na huenda akaijibu? Ni maswali mangapi ya ushairi yatanifunza urudhi na kituo kuliko kukalia beti zangu mwenyewe wiki nzima zikikataa kulingana? Hatuombi vipindi vya Hisabati. Tunaomba Ijumaa moja kwa wiki mbili, na mlango wa maktaba uachwe wazi hadi saa kumi na moja.

Tena wakati wetu unakwisha. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka wa 2023, na mfumo wa 8-4-4 unaondoka kidato kimoja baada ya kingine. Wanaotufuata ni wa Gredi ya 10, si wa vidato. Hawa wadogo zetu watakirithi chama hiki, na watakachokikuta kabatini ndicho watakachodhani Chama cha Kiswahili kilikuwa. Sipendi wakute risiti ya shairi la kununuliwa. Ningependa wakute kitabu chembamba chenye majina yetu na, hapa na pale, jina la mtu aliyetutangulia aliyekubali kuketi nasi.

Kwa hivyo naiomba kamati ilete pendekezo hili mbele ya mkutano ujao na lipigiwe kura: kwanza tusahihishe yale mashairi kumi na hadithi tatu kabla ya likizo, pili kila mwanachama alete jina la mtunzi mmoja anayemfahamu mtaani kwake, tatu mlezi atusaidie kuandika ile karatasi ya makubaliano. Barua zifuate baada ya hayo, si kabla. Na kwa dada yule wa Kidato cha Nne, popote alipo, tumwombe ruhusa ya kuzichapa zile beti zake tatu, safari hii jina lake likiwa juu yake.

Mwenye maoni tofauti na anijibu katika toleo lijalo. Wasalaam.